Kwa nini Machida ina stesheni mbili zenye jina moja, na kwa nini kadi yangu ya nauli inakatwa mara mbili?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni Mtanzania, nina mwaka mmoja Japani pamoja na mume wangu na mtoto wetu wa miaka 7. Tunakaa karibu na stesheni ya Fuchinobe, na kazi yangu iko Noborito. Kila asubuhi napanda treni ya JR hadi Machida, natoka langoni, natembea juu ya daraja refu la waenda kwa miguu nikiwa katikati ya umati, kisha naingia lango jingine la Odakyu. Kadi inakatwa pesa ninaposhuka Machida, inakatwa tena ninaposhuka Noborito. Mwenzangu mmoja kazini anasema ni kosa la wapangaji wa zamani, mwingine anasema ninakatwa mara mbili kwa sababu sijui kutumia kadi. Kwa nini hawakujenga stesheni moja? Je, ipo njia ya kuepuka kulipa mara mbili?"

Marahaba, dada yangu. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na naona lina mambo mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni uchovu wa kutembea kila siku kati ya milango miwili inayoitwa kwa jina moja, na la pili ni hofu kwamba pengine unadhulumiwa, au unajidhulumu mwenyewe kwa kutojua. Nianze na hofu, maana hiyo inaondoka upesi: kadi unaitumia sawasawa, hakuna anayekuibia, na makato yote mawili ni halali. Matembezi yako yanahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu yana umri wa karibu miaka 100, na hapo zamani yalikuwa marefu kuliko unavyoyaona leo.

Machida, jiji la pembezoni mwa Tokyo, halina stesheni moja iliyokatwa vipande viwili. Lina stesheni mbili, za makampuni mawili, zilizojengwa kwa nyakati tofauti na kwa makusudi tofauti, ambazo zilikuja kupewa jina moja baadaye sana. Wageni wengi hudhani kwamba reli zote za Japani ni za serikali, au kwamba kampuni moja kubwa inaendesha kila kitu, kwa sababu kadi moja inafungua malango yote. Sivyo. Njia ya Yokohama unayopanda Fuchinobe ni ya JR East, mrithi wa shirika la reli la taifa lililogawanywa na kubinafsishwa tarehe 1 Aprili 1987. Odakyu ni kampuni binafsi tangu asili yake, na haijawahi kuwa sehemu ya shirika lile. Ukishaliona hilo, mengine yote yanafunguka.

Ya kwanza kufika ilikuwa njia ya Yokohama, na iliyoileta ni hariri. Bandari ya Yokohama ilipofunguliwa kwa biashara ya nje mwaka 1859, hariri ghafi ndiyo iliyokuwa bidhaa kuu ya kuuzwa ng'ambo, na sehemu kubwa ya hariri ya milimani ilikusanywa katika mji wa Hachioji kabla ya kuteremshwa baharini. Wachuuzi waliibeba kwa miguu na kwa farasi kupitia mji mdogo wa soko ulioitwa Haramachida. Ukipata nafasi siku ya mapumziko, tembea katika mtaa wa maduka wa Haramachida, utakuta nguzo ya mawe iliyoandikwa kwamba hapa ndipo Barabara ya Hariri ilipopita. Tarehe 23 Septemba 1908 kampuni binafsi ya Reli ya Yokohama ilifungua njia ya kilomita 42 na ushei kutoka Higashi-Kanagawa hadi Hachioji, ikifuata mkondo uleule wa biashara, na stesheni ya hapo ikaitwa Hara-Machida. Serikali iliikodi reli hiyo mwaka 1910, ikainunua kabisa mwaka 1917.

Hapa naomba uniruhusu nichepuke kidogo, kwa sababu jambo hili linanigusa kama mtu wa reli na wewe kama Mtanzania. Mwaka huohuo wa 1917, kipande cha njia yako kati ya Hara-Machida na Hashimoto, ambacho unapita sehemu yake kila siku, kilifanywa uwanja wa majaribio. Reli za Japani zina geji, yaani upana kati ya vyuma viwili vya reli, ya milimita 1,067, ileile ya TAZARA, na mkuu wa idara ya reli wa wakati huo, Goto Shinpei, alitaka kuzipanua ziwe milimita 1,435, geji ambayo leo treni ya SGR ya kwetu inapita juu yake kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Mhandisi Shima Yasujiro aliongeza reli za ziada kandokando ya zile za zamani ili mabehewa ya geji zote mbili yaweze kupita, na majaribio yakaonyesha kwamba kazi hiyo inawezekana. Kisha ikaingia serikali ya waziri mkuu Hara Takashi mwaka 1918, ikaona ni heri fedha ziende kujenga reli mpya mikoani kuliko kupanua zilizopo, na mpango ukawekwa kando. Njia pana ilipokuja hatimaye, ilikuja kama Shinkansen, treni ya mwendo kasi, mwaka 1964, na mhandisi mkuu wake alikuwa Shima Hideo, mtoto wa yule Shima wa Hara-Machida. Ukipita stesheni ya Kobuchi kesho asubuhi, chungulia dirishani walau mara moja.

Turudi kwenye matembezi yako. Tarehe 1 Aprili 1927 kampuni iliyoitwa Reli ya Haraka ya Odawara, ambayo jina lake lilifupishwa likawa Odakyu, ilifungua kwa mkupuo mmoja njia yake yote ya zaidi ya kilomita 80 kutoka Shinjuku hadi Odawara. Hii haikuwa reli ya kupeleka hariri bandarini. Ilikuwa reli ya umeme ya kusafirisha watu, ikikimbia kutoka Tokyo kuelekea kusini-magharibi, na kwa hiyo ilibidi iikate njia ya Yokohama kama vijiti viwili vya msalaba. Mahali ilipokatia palikuwa kaskazini-magharibi ya stesheni ya zamani. Odakyu ilijenga stesheni yake upande wa Tokyo wa msalaba huo na kuiita Shin-Haramachida, yaani Haramachida Mpya. Umbali kati ya stesheni hizo mbili ulikuwa mita 700 hivi.

Mwenzako anaita hilo kosa la wapangaji. Mimi nasita kuliita hivyo, kwa sababu hakukuwa na mpangaji mmoja aliyekaa na ramani moja mezani. Kampuni inayotaka mwendo wa haraka kati ya miji miwili mikubwa haipindi reli yake ili iguse mlango wa stesheni ya mmiliki mwingine. Kila kona inapunguza mwendo wa kila treni kwa miaka yote ijayo, na kila kipande cha ardhi katikati ya mji wa soko kina bei. Tena, mwaka 1927 ni wangapi waliohitaji kubadilisha treni hapo? Huu ulikuwa mji wa mashamba na maduka. Njia ya Yokohama upande wa kusini hadi Hara-Machida ilipata umeme mwaka 1932, na kipande cha kutoka hapo hadi Hachioji kilisubiri hadi mwaka 1941. Aliyetaka kutoka kwenye reli moja kwenda nyingine alitembea mjini dakika kumi, akanunua chochote njiani, akaendelea.

Shida ilikuja baada ya vita, wakati Tokyo ilipofurika na watu wakaanza kusukumwa pembezoni. Machida ikawa jiji mwaka 1958, majengo makubwa ya makazi ya wafanyakazi yakaota kwenye vilima vyake, na mtaa ule wa maduka ukageuka kuwa njia ya maelfu ya watu waliokuwa wakitoka treni moja kuifukuzia nyingine. Walikimbia. Wakiwa na mikoba na viatu vya ofisini, walikimbia mita zote hizo 700 asubuhi na jioni, na wenyeji wakaupa mtaa huo jina la Barabara ya Marathoni. Naomba ukumbuke picha hiyo pale daraja lako litakapokuchosha, kwa sababu watu hao walipita chini, kwenye mvua, na magari yakiwapitia ubavuni.

Marekebisho yalifanyika kwa hatua. Mwaka 1976 Odakyu ilibadilisha jina la stesheni yake kuwa Machida, na mwaka huohuo duka lake kubwa likafunguliwa katika jengo linaloifunika stesheni, kiasi kwamba treni hadi leo zinapita ndani ya jengo kama uzi katika tundu la sindano. Tarehe 1 Aprili 1980 shirika la reli la taifa nalo likakubali kuhama: stesheni ya Hara-Machida ilisogezwa mita 400 hivi kuelekea Odakyu, ikapewa jina la Machida, na daraja la waenda kwa miguu likaziunganisha. Hiyo ndiyo asili ya jina moja kwenye milango miwili. Mahali ilipokuwa stesheni ya kwanza pakajengwa jengo la Terminal Plaza. Ukitoka kwa lango la JR linaloitwa la Terminal, unatokea upande huo wa zamani.

Utaniuliza, kama walisogeza mita 400, kwa nini wasimalizie zilizobaki? Kwa maoni yangu, hapo ndipo ubishi wa mwenzako una nguvu kidogo, ingawa si kwa sababu anayoitaja. Stesheni haikai popote reli inapopita. Treni ya njia ya Yokohama ina mabehewa 8 na ya Odakyu hufika 10, kila behewa lina urefu wa mita 20, kwa hiyo jukwaa moja linataka mita 160 na jingine 200, yote yakiwa yamenyooka kadiri inavyowezekana, na ngazi zenye upana wa kutosha, na mahali pa mabasi kugeuzia. Reli ya Odakyu inapita juu ya ile ya JR. Jukwaa likijengwa chini ya daraja la reli, nguzo za daraja hilo zinakula nafasi ileile ambayo abiria wanahitaji kusimama, na kazi yote lazima ifanywe huku treni zikiendelea kupita. Iliwezekana kuzileta stesheni karibu zaidi, naamini hivyo, lakini kwa gharama ambayo makampuni mawili yangepaswa kugawana, na kila moja ingeuliza faida yake ni ipi.

Linganisha na Noborito unakoshuka, kwani hadithi yake ni pacha wa hii. Reli ya Nambu, ambayo leo ni ya JR, ilifika hapo mwezi Machi 1927, Odakyu ikafika mwezi uliofuata, na Odakyu ikaita stesheni yake jina tofauti kabisa, Inada-Tamagawa. Jina la Noborito ililichukua mwaka 1958. Tofauti ni kwamba pale Odakyu iliikata Nambu papo hapo penye stesheni, kwa hiyo leo unatoka lango moja na kuliona jingine mbele yako. Lakini malango bado ni mawili na makato bado ni mawili. Ukaribu hauondoi kodi ya milango miwili, kwa sababu kodi hiyo haitokani na umbali wa kutembea.

Inatokana na namna nauli inavyohesabiwa. Nauli ya treni Japani hufuata umbali, ila kilomita za mwanzo ni ghali kuliko zinazofuata, kwa sababu kila kampuni inatoza kima cha mwanzo cha kukufungulia mlango wake. Ukisafiri kilomita 20 ndani ya kampuni moja unalipa kima hicho mara moja. Ukizigawanya kwa makampuni mawili, unalipa mara mbili. Kadi yako, iwe Suica iliyoanzishwa na JR East mwaka 2001 au PASMO iliyoanzishwa na reli binafsi mwaka 2007, imerahisisha malipo tu. Inakubaliwa na wote, lakini haikuyaunganisha makampuni wala madaftari yao ya hesabu. Ukiigusisha kutoka JR Machida, kioo kidogo kwenye lango kinakuonyesha kiasi kilichokatwa na salio, na hapo safari yako ya JR imefungwa. Ukiigusisha Odakyu, safari nyingine imeanza.

Je, ipo njia ya kukwepa? Nitakuwa mkweli: kwa safari ya Fuchinobe hadi Noborito, hapana, na njia mbadala zitakuumiza zaidi. Unaweza kupanda kwenda Hashimoto, ushike reli ya Keio hadi Keio-Inadazutsumi, lakini hapo utashuka na kutembea mtaani hadi Inadazutsumi ya JR, kisha Nambu hadi Noborito. Umebadilisha mara mbili na bado umetembea. Unaweza kuipita Machida na kushuka Nagatsuta, ushike reli ya Tokyu hadi Mizonokuchi, kisha Nambu. Ni mzunguko mrefu usio na faida. Machida ndiyo njia yako, na ina jambo jema moja ambalo huenda hujalitumia. Odakyu Machida ina majukwaa mawili yenye reli nne, hivyo treni ya kila kituo inaweza kusimama upande mmoja huku ya haraka ikiipita upande wa pili. Zote mbili za haraka, ile ya ekspresi na ile ya kasi zaidi, husimama Noborito, kwa hiyo huna sababu ya kuingia ya kila kituo kwa kuwa tu imefika kwanza.

Kinachoweza kukupunguzia gharama kweli ni pasi ya safari za kila siku, ambayo Wajapani huiita teiki. Inauzwa ya mwezi 1, miezi 3 na miezi 6, na ya makampuni mawili huandikwa kwenye kadi moja, ukapita malango yote manne bila salio kuguswa. Kabla hujanunua, muulize mwajiri wako, kwa sababu ni desturi ya waajiri wengi nchini humo kulipia nauli ya kwenda kazini, na wengine wanataka uonyeshe njia na bei ya teiki ndipo wakulipe. Ila ikiwa unafikiria kuhama, au siku nyingi unafanyia kazi nyumbani, anza na ya mwezi mmoja. Unaporudisha pasi kabla ya wakati, miezi huhesabiwa mizima, hata kama siku moja tu imeingia katika mwezi mpya.

Teiki ina faida nyingine ambayo abiria wengi huijua siku ya taabu. Treni zinaposimama kwa ajali au tufani, makampuni hupokeana abiria na kuwapitisha njia nyingine bila malipo ya ziada. Haki hiyo ni ya mwenye teiki au tiketi iliyokwisha kununuliwa kwa safari hiyo. Anayetegemea salio la kadi peke yake hukatwa nauli ya njia aliyopita.

Kuhusu mtoto wako wa miaka 7, Odakyu hutoza watoto wa shule ya msingi wanaotumia kadi yeni 50 tu kwa safari yoyote ndani ya njia zake, tangu mwezi Machi 2022. Lazima iwe kadi ya mtoto, iliyosajiliwa kwa jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa. Ukimpitisha kwa kadi ya mtu mzima atakatwa nauli ya mtu mzima, na mashine haiwezi kujua mwenye kadi ana kimo gani.

Juu ya lile daraja lako, angalia chini utaona mstari wa vigae vya njano vyenye vinundu. Vilibuniwa na Mjapani Miyake Seiichi mwaka 1965 kwa ajili ya wasioona, na michirizi mirefu humaanisha endelea, vinundu vya mviringo humaanisha simama au kuna njia panda. Nakuomba usisimame juu yake wala usimwache mtoto achezee hapo, hasa saa za asubuhi, kwa sababu kuna watu ambao mstari huo ndio ramani yao yote ya kutoka JR hadi Odakyu.

Mambo machache usiyamalize kwa mashine wala kwa kuniandikia mimi. Nenda dirishani ukaonane na mtu. La kwanza ni kadi ya mtoto, ambayo inahitaji hati inayoonyesha umri wake, kama kadi yake ya ukaazi. La pili ni kununua teiki ya makampuni mawili kwa mara ya kwanza. Andika majina ya stesheni kwenye karatasi, Fuchinobe, Machida, Noborito, umpe karani, kisha hakikisha majina hayohayo yamechapwa kwenye kadi kabla hujalipa. La tatu ni siku lango litakapokukatalia kutoka kwa mwanga mwekundu, jambo linalotokea kadi ikiwa haikusomwa vizuri ulipoingia: usirudi nyuma kujaribu lango jingine, nenda kwenye lango la pembeni lenye mhudumu, mpe kadi, mtajie stesheni uliyoanzia. Na ikitokea umeumia, una mimba au unasukuma kigari cha mtoto na ngazi zinakuwia nzito, mwambie mhudumu huyohuyo akuonyeshe lifti kabla hujaingia kwenye umati, kwa sababu lifti huenda haziko mahali pamoja na ngazi za umeme ambazo kila mtu anazifuata.